Maswali ya Wasomaji: Ditekta, Sarafu za Kale na Ardhi ya Kwetu

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu nyingi kutoka Pangani. Nilistaafu ualimu mwaka jana, nikarudi kwetu. Mwanangu anayefanya kazi Muscat ameniletea mashine ya kutambua metali, ile ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu huiita ditekta, kwa kuwa anakumbuka nilivyokuwa nikimsimulia kwamba utotoni tuliokota pesa za Kijerumani ufukweni baada ya mvua za masika. Napenda kuitumia kutafuta sarafu za kale hapa mjini, si kwa kuuza bali kwa kujifunza na kuwafundisha wajukuu. Je, sheria inaniruhusu? Nianzie wapi, na mashine hii hufika kina gani? Naomba jibu mapema, maana majirani wameanza kunong'ona kwamba natafuta dhahabu ya Mjerumani.
Mwalimu mstaafu, Pangani

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Barua yako imenifurahisha kwa sababu umewataja wajukuu na hukuuliza bei hata mara moja. Hata hivyo nitaanza na sheria, kwani ni vema mashine hiyo isiwashwe kabla hujaielewa.

Tanzania Bara tunaongozwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1979. Kwa sheria hiyo, kitu kinachohamishika kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 ni malikale. Anayechimba ili kutafuta malikale anatakiwa awe na kibali cha Mkurugenzi wa Mambo ya Kale, na anayekutana nayo kwa bahati anawajibika kutoa taarifa. Mtu anaweza kudhani kwamba mwaka huo unamwachia mlango, akasema kwamba yeye anatafuta sarafu za Kijerumani tu, ambazo zilianza kutolewa mwaka 1890. Tatizo ni kwamba ditekta haisomi miaka. Italia kwa kizibo cha soda, italia kwa hela ya mwaka 1913, na italia kwa sarafu ya shaba ya masultani wa Kilwa, na wewe hutajua umekutana na ipi mpaka uwe umekwisha kuitoa mahali pake, yaani mpaka uwe umekwisha kufanya lile ambalo sheria inataka lifanywe na mwenye kibali.

Kwa hiyo hatua yako ya kwanza ni barua. Mwone afisa utamaduni wa wilaya, mweleze nia yako kama ulivyonieleza mimi, na kupitia kwake uandikie idara inayosimamia malikale, ukitaja kwa majina maeneo unayotaka kuyapitia na wenye maeneo hayo. Usiyaweke katika orodha hiyo magofu ya Tongoni, majengo ya zamani ya mjini na viwanja vyake, wala makaburi ya aina yoyote, hata yale ambayo hayana tena mwenyewe anayejulikana. (Wasomaji wetu wa Kenya wazingatie kwamba sheria yao ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inahesabu vitu vya kabla ya mwaka 1895, vikiwamo vilivyoingizwa nchini kutoka nje, na Zanzibar nayo ina sheria yake yenyewe.)

Najua kwamba masharti haya yanaweza kuonekana mazito kwa mtu anayetaka kutembea na wajukuu wake ufukweni. Nakuomba uniruhusu nieleze kwa nini naona kwamba yana haki, maana hapa ndipo ulipo moyo wa jambo lenyewe.

Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, iligunduliwa akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo na nyembamba, zenye majina ya watawala wa pwani yetu. Sarafu hizo hazikuandikwa mwaka. Lakini pamoja nazo zilikuwapo dinari chache za dhahabu, baadhi yake za Mafatimiya wa Misri, ambao walikuwa na desturi ya kuandika mwaka na mahali sarafu ilipopigwa. Kwa sababu dhahabu na fedha zilikutwa pamoja, wataalamu waliweza kuiweka akiba yote katika karne ya 11, na kwa hiyo kuwaweka katika wakati wao watawala ambao tulikuwa na majina yao tu. Sasa fikiri, Mwalimu, kama aliyezikuta angezipeleka dinari kwa sonara zikayeyushwe, na zile za fedha akazigawa kwa watoto. Dhahabu ingempa fedha za miezi michache, na zile 2,000 zingekuwa bubu milele, ingawa hakuna hata moja ambayo ingekuwa imevunjika.

Mfano wa pili unatoka mbali, lakini sarafu zake ni za kwetu. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia aliyeitwa Maurie Isenberg, akiwa zamu katika visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi hiyo, aliokota mchangani sarafu tisa: nne za Kiholanzi na tano za Kilwa. Alizihifadhi nyumbani, na mwaka 1979 akazipeleka kwa wataalamu. Kwa bahati njema alikuwa na ramani ambayo juu yake alikuwa ametia alama ya mahali alipoziokota. Alama hiyo ndiyo iliyowawezesha watafiti kurudi kisiwani miongo kadhaa baadaye, ingawa hadi leo wanajadiliana jinsi shaba ya Kilwa ilivyofika huko, kwani ziliokotwa juu ya mchanga, bila kitu kingine cha kuzifasiri. Alama moja ya kalamu imebeba sehemu kubwa ya tunachokijua.

Watafiti waliochimba Songo Mnara, jirani na Kilwa Kisiwani, waliandika mahali pa kila sarafu ya shaba waliyoipata, na hivyo wakaona kwamba nyingine zilikuwa ndani ya nyumba na nyingine penye makaburi. Sarafu ya nyumbani na sarafu ya kaburini zinaweza kufanana kabisa katika kiganja cha mkono, lakini ya kwanza inazungumza habari za matumizi na akiba, na ya pili inazungumza habari za wazee na heshima waliyopewa. Tofauti hiyo haimo katika shaba. Imo katika mahali, na mahali hapabebeki mfukoni.

Sasa nikujie kwenye mji wako. Pesa mlizookota utotoni huenda zilikuwa za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na Pangani ina haki ya pekee ya kuzijua. Vita vya Abushiri bin Salim dhidi ya kampuni hiyo viliwaka Pangani mwaka 1888, na Abushiri alinyongwa hapo hapo Pangani mwezi Desemba 1889. Mwaka uliofuata kampuni ilianza kutoa pesa za shaba. Upande mmoja una tai na jina la kampuni kwa Kijerumani. Upande wa pili umeandikwa kwa herufi za Kiarabu, pamoja na mwaka wa Hijria, kwa kuwa watu wa pwani ambao walitakiwa waziamini fedha hizo walikuwa wakisoma herufi za Kiarabu. Waonyeshe wajukuu upande huo kwanza. Rupia moja ilikuwa pesa 64, kwa mfuatano ule ule wa fedha za Bara Hindi ambazo wafanyabiashara wa pwani walizizoea. Ilipofika mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilibadili hesabu, rupia ikawa na Heller 100, na miaka michache baadaye zikaja zile zenye tundu katikati. Heller ndiyo iliyotuachia neno hela, kama vile paisa ya Kihindi ilivyotuachia neno pesa. Mtu anaposema leo kwamba hana hela wala pesa, anataja fedha mbili zilizokwisha kufutwa, na zote mbili zimo ardhini Pangani.

Unaweza pia kukutana na pesa za Sayyid Barghash wa Zanzibar, zenye picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijria, ambao ni sawa na 1882 kwa kalenda ya kawaida. Na riale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya malkia huyo wa Austria, ambayo daima huonyesha mwaka 1780 hata kama ilipigwa miaka mia moja baadaye. Zaidi ya zote utakutana na senti zenye tundu za wakati wa Waingereza. Usizidharau. Andika na hizo.

Kuhusu mashine yenyewe, kazi yake si ya ajabu. Koili iliyo chini ya mpini hupeleka nguvu ya sumaku ardhini. Nguvu hiyo ikikuta metali huzalisha humo mkondo mdogo wa umeme, nao mkondo huo huirudishia koili ishara, ambayo mashine huigeuza kuwa sauti. Kwa sarafu moja ya kawaida, mashine nyingi hazizidi sentimita 15 hadi 25. Usimsikilize mtu anayekuambia kwamba ipo mashine ya kuona sarafu mita kumi chini. Ukubwa wa koili, unyevu wa udongo, na jinsi sarafu ilivyolala, kama ni chali au kwa ubavu, vyote hubadili kipimo hicho. Mchanga uliolowa maji ya bahari hupitisha umeme, na kwa hiyo mashine inayotumia masafa mamoja tu ya mawimbi hulialia bila sababu karibu na maji. Ukiona hivyo, punguza wepesi wake wa kuhisi, au fanya kazi katika mchanga mkavu wa juu. Udongo mwekundu wenye chuma kingi nao huisumbua, ndiyo maana kila unapohama sehemu inakubidi uisawazishe upya na ardhi. Vaa hedifoni, usogeze koili taratibu karibu na ardhi bila kuigusa, na kila mpito uingiliane kidogo na uliotangulia. Siku za kwanza jizoeze uani kwako: fukia senti, msumari, kizibo na pete kwa vina mbalimbali, kisha sikiliza sauti ya kila kimoja mpaka sikio lizoee. Watoto watalipenda zoezi hilo kuliko unavyodhani.

Ukipata kibali, anza na ardhi ambayo imekwisha kuvurugwa: mchanga wa juu ufukweni baada ya bahari kuchafuka, udongo uliotupwa pembeni wakati wa kuchimba msingi au mtaro, shamba linalolimwa kila mwaka. Chimba kwa mwiko wa fundi mwashi, si kwa sururu, na usipite tabaka lililolimwa. Ukiona vigae vingi vya vyungu, shanga, chokaa au mawe yaliyopangwa, acha. Hata kama ishara bado inalia chini yake, acha, weka alama, upige picha, utoe taarifa. Najua kwamba ni vigumu kusimama wakati huo, na ndiyo sababu nalisema mapema kabla mkono haujashika moto. Daftari lako liwe na namba ya kila kitu, tarehe, mahali kwa vipimo vya simu yako, kina kwa sentimita, na vitu vilivyokuwa jirani yake. Shimo lifukiwe siku hiyo hiyo.

Jambo moja la hatari. Pwani ya Tanga ilipiganiwa mwezi Novemba 1914, na zana za vita hivyo hazikukusanywa zote. Ukikuta chuma kizito chenye umbo la chupa au la mpira, hasa chenye kutu nene, usikiguse, usikigonge, usimruhusu mtoto asogee. Ondokeni, kisha polisi waarifiwe.

Na majirani? Dhahabu ya Mjerumani ni simulizi inayotembea nchi nzima, na wapo walioifuata hadi wakabomoa kuta za maboma na kufukua makaburi wakitafuta kisichokuwapo. Minong'ono hiyo haitaisha kwa kujificha. Mwone mwenyekiti wa kitongoji, mwonyeshe kibali, umwalike yeyote anayetaka aje asimame karibu nawe asubuhi moja, aone jinsi mtu anavyochimba misumari ishirini kabla ya kupata senti moja. Ungefanya vizuri zaidi kama ungeanza kwa kupita nyumba kwa nyumba bila mashine, ukawaomba wazee wakufungulie makopo yao. Katika nyumba nyingi za pwani imo mikebe yenye pesa, riale na hela ambazo mwenye nyumba anakumbuka nani alizipata na kwa kazi gani, iwe ni katani au uchukuzi majahazini. Kumbukumbu hiyo ikiandikwa leo, hakuna ditekta inayoweza kuishinda.

SWALI: Ndugu Mhariri, nikiwa nalima mihogo nje kidogo ya Kilwa Kivinje, jembe langu liliibua kijisarafu cha shaba, chembamba, kimegeuka kijani, na upande mmoja kina maandishi kama ya Kiarabu. Shemeji yangu ananishauri nikisugue kwa ndimu na majivu mpaka king'ae ndipo nikionyeshe watu. Nifanyeje?
Mama mkulima, Kilwa

JIBU: Mama, pole na kazi ya shamba, na tafadhali usikisugue. Kijani hicho ni tabaka ambalo shaba imejijengea kwa miaka mingi, na mara nyingi maandishi yamebaki katika tabaka hilo tu, huku shaba iliyo chini yake ikiwa imekwisha kulika. Ndimu ni asidi, na majivu hukwangua. Kwa dakika tano utapata kipande kinachong'aa ambacho hakuna atakayeweza kukisoma tena. Kama kina udongo, kisuuze polepole kwa maji ya mvua, ukikaushe kivulini bila kukifuta kwa nguvu, kisha ukifunge katika karatasi nyeupe ndani ya kibuyu au kikopo kikavu. Usikiweke katika mfuko wa plastiki unaotunza unyevu.

Kwa maelezo yako, inawezekana kabisa kwamba ni sarafu ya masultani wa Kilwa, ingawa siwezi kuthibitisha bila kukiona. Sarafu hizo za shaba zina jambo ambalo kila mpenzi wa mashairi yetu atalifurahia: upande mmoja huwa na jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili zimetungwa kwa vina. Mtu aliyenunua samaki sokoni Kilwa miaka mia saba iliyopita alilipa kwa beti. Zilisafiri pia, moja yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa karne ya 14, ilipatikana Great Zimbabwe, katika njia za biashara ya dhahabu iliyoitajirisha Kilwa.

Kwa kuwa kama ni ya Kilwa basi ni ya zamani sana kuliko mwaka 1863, sheria niliyomweleza Mwalimu hapo juu inakuhusu moja kwa moja, lakini wewe hujakosa lolote, kwani ulikuwa unalima. Weka mambo matatu tu: kijiti mahali pale ulipokipata, kumbukumbu ya kina cha jembe, na picha ya pande zote mbili ikiwa na rula kando yake. Kisha uende katika ofisi ya Mambo ya Kale iliyo karibu, Kilwa Masoko, au umtume mtu unayemwamini. Usimruhusu mtu aje na ditekta shambani kwako kwa ahadi ya kugawana, hata awe ndugu. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zimo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, na mashamba yanayozitazama kutoka bara ni sehemu ya habari ile ile. Na ukilima tena hapo, ukaibua vigae au shanga, ziweke pamoja katika kikapu kimoja chenye alama ya sehemu hiyo. Usizitupe mpakani mwa shamba.

SWALI: Ndugu Mhariri, hapa Tabora kuna bwana anayeniuzia sarafu ya mwaka 1916 yenye picha ya tembo. Anasema ni dhahabu ya Mjerumani, kwamba zimebaki chache sana, na kwamba ng'ambo kuna mnunuzi atakayetoa mamilioni, ila kwanza nitoe gharama za kuipima maabara. Nimwamini?
Msomaji, Tabora

JIBU: Ndugu yangu, sarafu unayoelezwa ipo kweli katika historia, na ni ya mji wako. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, meli za Uingereza zilipoziba pwani, serikali ya Wajerumani iliishiwa fedha taslimu za kuendeshea vita, ikaanza kupiga sarafu katika karakana ya reli hapo Tabora. Zilitolewa za Heller 5 na Heller 20 kwa shaba nyeupe na shaba nyekundu, ambazo hadi leo si adimu, na rupia 15 za dhahabu yenye asili ya mgodi wa Sekenke, zikiwa na tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima na herufi T ya Tabora. Za dhahabu zilipigwa 16,198 tu, na kazi hiyo ilikoma kabla majeshi ya Wabelgiji hayajauteka mji mwezi Septemba 1916.

Kwa sababu ni chache na zinajulikana dunia nzima, zimeigizwa sana. Ya kweli ina uzito wa gramu 7.17 hivi na upana wa milimita 22, na dhahabu yake ni sehemu 750 katika 1,000. Kwa hiyo huhitaji maabara yoyote kwa hatua ya kwanza: nendeni wote wawili kwa sonara mwenye mizani nzuri, iwekwe juu ya mizani, ipimwe kwa rula, kisha isogezewe sumaku. Ikivutwa na sumaku si dhahabu. Ikipungua au kuzidi kwa gramu nzima, si ya Tabora. Ikipita vipimo vyote vitatu, bado itabidi ionwe na mtu wa makumbusho kabla ya mazungumzo ya bei, na yeye aulize ilitoka wapi, kwani iliyofukuliwa kwenye kaburi au ukuta wa boma ni balaa kwa mnunuzi pia.

Ada ya maabara inayodaiwa mapema ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko tembo mwenyewe. Huko India watu wengi wameibiwa kwa mtindo huo huo, wakiambiwa kwamba sarafu fulani ya zamani inavuta punje za mchele na kwamba wanasayansi wa ng'ambo wako tayari kuilipia mabilioni, mradi kwanza itolewe gharama ya vipimo; baada ya ada ya kwanza huja ya pili, na mnunuzi haonekani. Bwana huyo akikataa kwenda nawe kwa sonara, usitoe hata senti, na umpe taarifa mwenyekiti wa mtaa ili asimwendee jirani yako.